Vipande Nilivyoviosha

Mume wangu alifariki Alhamisi, tarehe nane Februari, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Masanduku matatu ya vipande vyake vya bati yalibaki chini ya kitanda chetu hapa mtaani Jericho hadi mwezi wa Mei, na katika muda huo wote sikuyagusa. Nilifagia mpaka mbele yake, kisha nikaurudisha ufagio. Nilijua kwamba ndani yake mlikuwa na kazi ya mwisho ya mikono yake, na kwamba nikishayatoa pale, nyumba yetu ya chumba kimoja na jiko itakuwa na nafasi ambayo sikuwa na haja nayo.

Alikuwa fundi wa bati kwa miaka thelathini na saba, katika kibanda cha jua kali nyuma ya soko. Masanduku ya wanafunzi wanaokwenda shule za bweni, mabirika, karai, majiko ya makaa: hayo ndiyo yaliyotulisha. Kazi ya roboti ilimfikia akiwa tayari mzee. Mwalimu wa fizikia wa shule moja ya wasichana iliyo karibu na mtaa wetu alikuja kibandani na mchoro, akaeleza kwamba wanafunzi wake walikuwa wakiunda mashine ndogo yenye magurudumu, kiasi cha ndoo, itakayojiendesha sakafuni na kuinua pete za plastiki mbele ya waamuzi. Alihitaji vipande vya alumini vya mraba, upana wa kiganja, vyenye tundu katika kila pembe. Wasichana wenyewe wangevikunja katikati kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, ili vishikilie mota. Mume wangu aliuwekea mchoro ule mkono wake wa kushoto, akaupima kwa vidole, akasema, "Waje wachukue Ijumaa."

Alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wenzake waliicheka. Kila kipande alichoagizwa, alikikatia na pacha. Alisema kwamba mtu anayejifunza lazima aharibu, na asipokuwa na cha kuharibu hatajifunza. Hivyo kwa miaka miwili, kila timu ilipochukua vipande vyake, pacha wa vipande hivyo waliingia kwenye masanduku chini ya kitanda.

Lazima niandike pia kuhusu shule yangu, kwa sababu bila hiyo sitaeleweka. Mimi nilizaliwa Murang'a, siku ambayo hakuna aliyeiandika. Mama alikumbuka tu kwamba mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Kitambulisho changu kina tarehe ya kubahatisha. Nilianza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mmoja, katika darasa la jioni la watu wazima, lile ambalo majirani waliliita ngumbaru huku wakitabasamu, na nikafanya mtihani wa darasa la nane nikiwa na miaka arobaini na sita, nimeketi katikati ya watoto. Tangu siku hiyo hakuna jambo linalotokea maishani mwangu bila mimi kuliandikia tarehe. Nina madaftari kumi na moja.

Nilimwomba mume wangu tusome pamoja. Alikataa. "Mkono wangu umezoea kuandika kwenye bati," alisema, nami nikadhani ni mzaha wa mtu anayeona haya. Kwa hakika kulikuwa na alama nyekundu kwenye bati zake, mikwaruzo ya chaki ya nta aliyoibeba daima katika mfuko wa shati, hata kanisani. Ilitia doa mashati mengi. Nikimuuliza alama zile ni za nini, alisema, "Ni za bati." Sikuuliza tena. Nilikuwa na alfabeti yangu, na mistari ile haikuwa ndani yake.

Mara ya kwanza tulipoalikwa shuleni kuona roboti ikitembea, ilikuwa Jumamosi, mlinzi wa langoni alitusogezea kitabu cha wageni. Mume wangu alisimama akikitazama. Nyuma yetu walikuwa wazazi wengine. Nilichukua kalamu haraka, nikaandika jina lake, nikatia sahihi kwa niaba yake, nikaandika na saa. Mlinzi akasema, "Mama, na yeye atie mwenyewe." Nikamjibu kwamba mzee ana kidonda kidoleni. Tulipokuwa tukivuka uwanja, mume wangu aliuficha mkono wake mfukoni, kana kwamba kweli una kidonda.

Mwalimu alinitembelea Jumamosi, tarehe ishirini na tano Mei. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akakataa chai mara moja na kuikubali mara ya pili, kama inavyopasa.

"Mama, nimekuja na ombi," alisema. "Ukikataa, nitaelewa. Kuna timu mbili mpya, moja ya mtaa wa Huruma na nyingine ya Komarock. Zina mota, zina betri, na hazina kitu kingine. Nimewaambia waje kwetu wafunzwe. Nikakumbuka mzee alikuwa akiweka akiba."

"Akiba ipo," nilisema.

"Tungewapa wajifunzie kukunja. Kisha kila timu ibaki na vyake."

Nilimwambia ningefikiri, ingawa nilikuwa nimekwisha kukubali kabla hajamaliza. Nilitaka vipande vile vipite katika mikono ya wasichana wa mitaa mitatu, na kila atakayekigusa kimoja ajue ni cha nani. Sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia mume wangu. Kaburi lake liko mbali, na jiwe lake ni dogo.

Jumatatu, tarehe ishirini na saba, niliyavuta masanduku, nikafagia pale yalipokuwa. Vipande vilikuwa mia moja na vinne. Vilikuwa na vumbi, mafuta ya mashine, na juu ya kila kimoja mstari mwekundu wa chaki uliokaa upande upande. Nilivitazama kwa jicho ambalo wanawake wa Jericho watalielewa. Sisi tulilelewa kuhukumiana kwa sufuria. Mgeni akiingia jikoni huitazama sufuria upande wa nyuma, si wa ndani, na ikiwa nyeusi anajua amefika kwa mwanamke wa namna gani. Sufuria zangu hung'aa nyuma kama mbele. Sikuweza kuipeleka kazi ya mume wangu mbele ya watu ikiwa imechafuka namna ile, imechorwachorwa kama ukuta wa choo cha umma.

Nilichemsha maji. Nilitia sabuni ya unga. Nilisugua kwa waya wa chuma, kwa mduara, kama ninavyosugua sufuria, kipande baada ya kipande, siku nzima ya Jumatatu na nusu ya Jumanne. Nta ile ilikuwa ngumu kutoka. Ilibidi nirudie pembe za matundu kwa ncha ya waya. Jirani alichungulia uani akasema, "Mama, hizo ni za harusi?" Nikamwambia ni za shule. Nilivianika uani juu ya gunia, vikameremeta, kisha nikakata karatasi ndogondogo, nikaandika kwa hati yangu bora jina la mume wangu na neno "fundi", nikabandika moja katika kila kipande. Nilifurahi, naandika hilo bila kulificha. Zilikuwa siku mbili za kwanza tangu Februari ambazo sikulia.

Jumamosi, tarehe nane Juni, nilivipeleka. Nahodha wa timu, msichana wa kidato cha tatu, alifungua sanduku la kwanza akacheka kwa mshangao, akiniita nyanya kwa lugha yao.

"Shosho, hizi zinang'aa mpaka mtu anaweza kujichana nywele."

"Roboti itavaa hii iende kanisa," mwenzake alisema.

Mwalimu alinisimamisha mbele yao. Aliwaambia kwamba mama huyu alianza shule akiwa na miaka arobaini na mmoja, na kwamba wao waliopata shule mapema hawana kisingizio. Wakanipigia makofi. Nilisimama wima.

Somo la kukunja lilikuwa wiki iliyofuata, Jumamosi, tarehe kumi na tano, katika maabara ya fizikia. Nilialikwa kama mgeni, nikapewa kiti karibu na dirisha. Walikuwapo wasichana wanne wa Huruma, watano wa Komarock, na timu ya wenyeji iliyokuwa ikiwafundisha. Nahodha alionyesha: unakibana kipande kwenye jiliwa, unaweka ubao juu yake, unagonga kwa nyundo ya mpira taratibu mpaka kilale. Kipande cha kwanza kilikunjika vizuri. Cha pili kilitoa sauti kavu, kama kijiti kinachovunjwa, na mpasuko ukatokea kwenye mkunjo wote, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Hii imekufa," msichana wa Huruma alisema. "Leta ingine."

Cha tatu kilipasuka. Cha nne kikakubali. Cha tano na cha sita vikapasuka. Nahodha alibadilisha jiliwa, akagonga polepole zaidi, akalaumu ubao, akalaumu nyundo. Mpaka saa sita walikuwa wamevunja vipande kumi na tisa, na hakuna aliyekuwa akicheka.

"Si ni bati ya jua kali," msichana mmoja wa Komarock alimwambia mwenzake, si kwa ubaya, kama mtu anayesema mvua inanyesha. "Hizo ni reject."

"Usiseme hivyo," mwalimu alisema. "Mzee alitusaidia sana." Kisha akanijia dirishani, akainama, akapunguza sauti. "Mama, usijali. Pengine miezi ile ya mwisho alipata bati baya. Alikuwa mgonjwa. Pengine hakuweza kuchagua."

Nami nikasema, "Pengine."

Nimeandika maneno mengi katika madaftari yangu, lakini hilo moja ndilo ninalolijutia. Nilimjua mume wangu. Bati baya alilirudisha lilikotoka hata akiwa mgonjwa. Nilisema neno lile kwa sababu lilikuwa jepesi kulisema, na kwa sababu watu walikuwa wakinitazama.

Jumatano, tarehe kumi na tisa, nilifunga kipande kizima na kilichopasuka, nilivyokuwa nimetoka navyo shuleni, katika leso, nikaenda kibandani. Mwenzake wa miaka yote bado anafanya kazi pale, mzee wa kutoka Busia ambaye huniita shemeji ingawa si ndugu yetu. Alikuwa akipiga karai. Alipangusa mikono, akavipokea vile vipande, akavigeuzageuza juani, akavileta karibu na macho.

"Shemeji, hizi amesugua nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa waya. Zilikuwa chafu."

Alipapasa uso wa kile kizima kwa kidole. "Na mishale?"

"Mishale gani?"

Aliketi juu ya debe. Alinieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Bati linapotengenezwa kiwandani hubanwa na kuvutwa kati ya magogo ya chuma, na mvuto huo huacha nyuzi ndani yake, kama nyuzi za ubao. Ukilikunja kwa kuzikata nyuzi, linakubali. Ukilikunja kwa kuzifuata, linapasuka, hasa alumini ngumu kama ile. Katika bati zima nyuzi zinaonekana, mistari myembamba sana. Katika kipande cha mraba kilichogeuzwageuzwa mezani, ni vigumu kujua. Kwa hiyo mume wangu, kabla hajakata, alichora kwenye kila kipande mshale mwekundu uliofuata nyuzi, ili atakayekikunja asikosee.

"Hakuwa akiandika jina lake," alisema, "lakini kipande hakikutoka hapa bila mshale. Wale wasichana wa kwanza aliwafundisha mwenyewe. Wale walishamaliza shule, na hawa wa sasa labda hawakuelezwa."

"Na mistari yenyewe? Si bado ipo kwenye bati?"

Alikiinua tena kipande kizima. Ulionekana mng'aro tu, na ndani yake mikwaruzo ya duara, maelfu, ya mkono wangu.

"Wewe shemeji," alisema, "ungeachiwa Biblia ungeiosha." Alianza kucheka. Kisha akaniona usoni, akaokota nyundo, akaishika bila kupiga chochote.

Siku iliyofuata, Alhamisi, mwalimu alinitumia ujumbe. Uliandikwa kwa adabu. Alisema timu za Huruma na Komarock zimeamua kutafuta bati kwingine, na kwamba vipande vilivyobaki vingechukuliwa Jumatatu na mnunuzi wa vyuma chakavu, isipokuwa kama ningependa kurudishiwa kwa ajili ya kumbukumbu. Nilisoma ujumbe ule mara nyingi. Ningeweza kujibu, "Nirudishieni," na vipande vingerudi chini ya kitanda, na hakuna ambaye angejua. Wasichana wa mitaa mitatu wangekua wakikumbuka kwamba kulikuwa na fundi mmoja wa Jericho aliyewapa bati mbovu. Au ningesema kweli. Na kweli ilikuwa kwamba mume wangu aliyeandikiwa sahihi langoni alikuwa ameandika, mara mia moja na nne, na mke wake aliyepigiwa makofi kwa kujua kusoma alikuwa amefuta.

Sikujibu Alhamisi. Sikujibu Ijumaa.

Jumamosi, tarehe ishirini na mbili, nilifika shuleni saa tatu kamili, na yule mzee wa Busia nyuma yangu amebeba mkasi wa bati na koleo. Langoni nilitia sahihi. Yeye pia alitia yake, polepole, akiulizia tarehe. Timu zote tatu zilikuwapo. Nilimwomba mwalimu aniruhusu kusema, akaniletea kiti, nikakikataa.

"Mume wangu hakuwapa bati baya," nilisema. "Kila kipande kilikuwa na alama ya kuwaonyesha mkunje upande gani. Niliziona nikadhani ni uchafu. Nilizisugua zote."

Bomba la maabara lilikuwa likidondosha maji.

"Kwa hivyo, Shosho," nahodha aliuliza, "ilikuwa imeandikwa?"

"Ilikuwa imeandikwa."

"Na ukafuta."

"Nikafuta."

Msichana wa Komarock alikuwa ameinamisha kichwa. "Mimi ndio nilisema ni reject," alisema. "Pole."

"Ulisema ulichoona," nilimjibu. "Mimi nilijua si kweli, na nikakubali. Kwa hiyo pole ni yangu."

Mwalimu alifungua mdomo, nadhani kunisaidia, kisha akaufunga. Namshukuru kwa hilo.

Mzee wa Busia aliwaita kwenye meza. Alichukua kwanza kimoja cha vile vilivyopasuka, akapitisha ukucha juu ya mpasuko. "Tazameni. Nyuzi zinakwenda hivi. Hiki kimewaambia chenyewe, ila kimewaambia kikiwa kimekufa." Kisha akachukua kizima, akakata ukingoni utepe mwembamba kama kijiti cha kiberiti, akaukunja kwa koleo. Ukakatika. Akakata mwingine kutoka ukingo wa pembeni, akaukunja. Ukashikilia. "Sasa mnajua. Unapoteza ukingo kidogo, unaokoa kipande." Wasichana walijipanga. Hadi saa saba mchana walikuwa wamevijaribu vipande vyote vilivyobaki, na juu ya kila kilichojaribiwa yule mzee alichora mshale kwa chaki nyekundu aliyoinunua njiani. Vilivyokunjwa siku ile vilikunjika. Hakuna aliyetaja tena mnunuzi wa chuma chakavu, na vile kumi na tisa vilivyopasuka waligawana, kila timu ikatundika vyake ukutani kwa somo.

Ni nahodha aliyeuliza. Alikuwa ameshika kipande chenye mshale, na karatasi yangu ya jina ikiwa bado imebandikwa pembeni.

"Mzee, ile ya fundi ilikuwa hivi hivi?"

"La," alisema. "Yake ilikuwa na kamkia. Alichora kwa mkono wa kushoto, ikitoka anaivuta hivi mwishoni, au hivi. Siijui vizuri. Yangu ni kavu." Alinigeukia, akaninyooshea chaki. "Shemeji ndiye aliishi nayo. Atuchoree."

Wasichana walinipisha. Mbele yangu kulikuwa na kipande kitupu, cheupe, kinachong'aa. Nilishika chaki. Niliziona alama zile kwa miaka thelathini na saba: kibandani, kwenye masanduku ya wanafunzi, kwenye karai kabla halijauzwa, uani kwangu siku moja na nusu, zikiyeyuka chini ya kidole gumba changu. Naweza kusema siku aliyonioa, saa aliyofariki, tarehe aliyoanza kukohoa. Nilitafuta kama mkia ule ulipanda au ulishuka, kama ulikuwa mrefu au mfupi. Sikuuona. Niliona wekundu tu, na nyuma ya wekundu, sabuni.

Nilimrudishia nahodha chaki.

"Chora wa kwako," nilimwambia.

Alisita, kisha akachora mshale ulionyooka, na chini yake akaandika herufi za kwanza za jina la timu yao. Wa Huruma wakachora wao, wenye vichwa viwili. Wa Komarock wakachora kama unyoya. Viligawanywa hivyo, na masanduku nikayarudisha nyumbani matupu.

Siku iliyofuata, Jumapili, tarehe ishirini na tatu Juni, nilipotoka kanisani nilikisogeza kitanda hadi ukutani. Nilifikiri huenda kipande kimoja kilidondoka wakati fulani, au kipande cha chaki, au ubao wa sanduku wenye alama. Nilipiga magoti nikapapasa sakafu yote hadi pembeni. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimepafagia vizuri.